Kanali Sanders: Kabla ya kuku kulikuwa na mkate

Ule uso unaujua. Ndevu nyeupe, miwani, suti nyeupe na tai nyeusi ya kamba shingoni. Umeuona kwenye ndoo za kuku tangu KFC ilipofungua milango Nairobi 2011, na uliuona sana Januari 2022 pale chipsi zilipowaishia na Wakenya wakagundua kumbe viazi vinatoka ng'ambo wakati wakulima wa Nyandarua wako na magunia. Na kama wewe ni wa kupika nyumbani, kuna uwezekano mkubwa umeshajaribu kumwiga mzee huyo: karai, unga wa ngano, kijiko cha hiki na kile, halafu unaonja na kusema bado kuna kitu kinakosekana.

Watu wengi hudhani ule uso ni wa kuchorwa tu, kama katuni ya kwenye pakiti ya biskuti. Hapana. Alikuwa mtu wa kweli, jina lake Harland David Sanders, na alikufa miaka mingi kabla wengi wetu tunaosoma ukurasa huu hatujazaliwa. Na safari yake ya jikoni haikuanza na kuku. Ilianza na mkate.

Alizaliwa Septemba 9, 1890, karibu na Henryville, jimbo la Indiana, Marekani. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto watatu. Baba yake alifariki 1895, Harland akiwa na miaka mitano hivi, na mama akalazimika kutafuta riziki. Alipata kibarua kwenye kiwanda cha kupakia nyanya mikebeni. Kazi kama hiyo haikuruhusu kurudi nyumbani saa sita kuangalia watoto wamekula nini. Kwa hivyo mtoto wa kwanza ndiye aliyeachiwa sufuria.

Hapo ndipo mkate unaingia. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alikuwa na miaka saba alipojaribu kuoka mkate wa hamira peke yake, bila mtu mzima wa kumsimamia. Mtu yeyote aliyewahi kuoka mkate wa hamira anajua hiyo si kazi ya kubahatisha. Unga lazima ukandwe, uachwe uumuke, joto la jiko liwe sawa, na enzi hizo hakukuwa na kitufe cha kuzungusha hadi nyuzi 180. Mkate ulitoka vizuri. Akaubeba, yeye na wadogo zake, hadi kiwandani kumwonyesha mama. Fikiria mama huyo, mikono imejaa maji ya nyanya, anaona watoto watatu mlangoni na mkate.

Mimi huona kila kitu alichofanya baadaye kimo ndani ya hiyo safari. Alipika ili mtu mwingine aonje na kushangaa. Pesa zilikuja baadaye sana, na hata zilipokuja, kilichomuuma zaidi maishani mwake kilikuwa ladha.

Akiwa na miaka 10 alikuwa tayari ni kibarua shambani. Mama aliolewa tena 1902, na baba wa kambo na Harland hawakupikika chungu kimoja. Mwaka uliofuata, akiwa darasa la saba, aliacha shule. Baadaye maishani alikuwa akiilaumu aljebra, kwamba ndiyo iliyomfukuza. Sisi tulioacha masomo tunapenda hadithi ikomee hapo, halafu turuke moja kwa moja hadi kwenye mamilioni. Lakini kati ya kuacha shule na mamilioni kuna miaka zaidi ya 60, na sehemu kubwa yake haikuwa tamu.

Alipaka rangi magari ya farasi Indianapolis. Akawa kondakta wa tramu. Akadanganya umri ili aandikishwe jeshini 1906, akapelekwa Cuba, akaachiliwa baada ya miezi michache tu. Alichochea makaa ya mawe kwenye gari moshi. Alimwoa Josephine King na wakapata watoto watatu. Mvulana wao wa pekee alifariki 1932, akiwa bado kijana, kwa maambukizi ya mafindofindo. Akiwa bado kwenye reli alisomea sheria kwa njia ya posta, yaani masomo ya mtandaoni ya zama zile, na akafanya uwakili Arkansas kwa miaka kadhaa. Uwakili ulikatika alipopigana ngumi na mtu ndani ya mahakama. Mtu mwenyewe alikuwa mteja wake.

Umesikia vizuri. Huyu mzee unayemwona akitabasamu kwenye ndoo alikuwa na hasira za karibu na mdomo mchafu, na tabia hiyo ilimgharimu kazi zaidi ya moja. Aliuza bima akapigwa kalamu kwa ukaidi. Alianzisha kampuni ya feri kwenye mto Ohio, ikafanya vizuri, akauza hisa zake na kuweka pesa kwenye biashara ya taa za gesi kwa ajili ya wakulima. Taa za umeme zikafika, biashara ikazimika. Aliuza magurudumu ya Michelin, kampuni ikafunga kiwanda. Akapewa kituo cha mafuta Nicholasville, Kentucky, uchumi wa Marekani ukaanguka na 1930 kituo kikafungwa.

Alikuwa na miaka 40. Hapo kampuni ya Shell ikampa kituo kingine, North Corbin, kusini mashariki mwa Kentucky, bila kodi, wao wakichukua asilimia ya mauzo. Kituo kilikuwa kando ya barabara kuu, na madereva walikuwa wakishuka wakiuliza kama kuna mahali pa kula. Hakukuwa na mkahawa. Kulikuwa na meza ya familia ya Sanders. Akaanza kuwapakulia hapo hapo: kuku wa kukaanga, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, maharagwe, na vile vijimkate vidogo vya moto ambavyo watu wa kusini mwa Marekani hula na mchuzi mzito. Chakula cha nyumbani, kilichouzwa kwa wapita njia.

Mtaa wenyewe ulikuwa wa moto. Sanders aliandika bango kubwa ukutani kuwaelekeza madereva kwake, na mwenye kituo cha mafuta jirani, Matt Stewart, akalipaka rangi. Sanders akalirudisha. Siku moja alimkuta Stewart kwenye ngazi akilifuta tena, na Sanders alikuwa na maafisa wawili wa Shell. Risasi zikalia. Afisa mmoja wa Shell akauawa, Stewart akajeruhiwa na baadaye akafungwa kwa mauaji. Sanders hakuwekewa hatia. Ushindani wa kibiashara ukaishia hapo, kwa njia ambayo hakuna kitabu cha biashara kitakufundisha.

Sifa za meza yake zilisambaa. 1935 gavana wa Kentucky, Ruby Laffoon, akamtunuku cheo cha Kanali. Usichanganye na jeshi. Hicho ni cheo cha heshima ambacho jimbo hilo huwapa watu, na cheo chake cha kweli cha kijeshi kilikuwa kuhudumia nyumbu Cuba. 1939 Duncan Hines, muuzaji msafiri aliyechapisha kitabu cha mikahawa mizuri ya barabarani, akamweka kwenye orodha yake. Mwaka huo huo moto ukateketeza mkahawa na vyumba vya wageni. Akajenga upya, safari hii mkahawa wa viti 140.

Sasa tufike kwenye sayansi, kwa sababu hapa ndipo wanaomwiga nyumbani hukwama. Kuku wa kukaanga kwenye kikaango cha chuma alichukua kama dakika 30. Dereva mwenye haraka hangoji dakika 30. Kuzamisha kuku kwenye mafuta mengi kulikuwa haraka zaidi, lakini Sanders aliona nyama inakauka na kukosa roho. 1939 masufuria ya presha yalikuwa yameanza kuuzwa kwa ajili ya kuchemshia mboga. Akanunua, akaanza kujaribu mafuta ndani yake. Presha huzuia maji yaliyo ndani ya nyama yasitoke kwa fujo kama mvuke, kwa hivyo kuku huiva haraka, chini ya dakika 10, huku ndani kukibaki na maji yake. Kufikia Julai 1940 alikuwa amekamilisha mchanganyiko wake wa viungo 11. Hesabu miaka: alianza kupakulia wasafiri 1930, akatosheka na ladha 1940. Miaka kumi kwa unga wa kupakia kuku.

Nitaweka neno hapa ambalo matangazo huliruka. Kuku wa kukaanga wa kusini mwa Marekani hakubuniwa na Sanders. Mikono iliyojenga ladha hiyo kwa vizazi ilikuwa kwa sehemu kubwa ya wanawake Weusi, kwanza wakiwa watumwa kwenye majiko ya wazungu, kisha wakiuza kuku kwenye vituo vya treni ili kulea watoto wao. Hao hawana uso kwenye ndoo yoyote. Sanders alichobuni ni namna ya kumpika haraka na kwa ladha ile ile kila siku, na hilo ni jambo kubwa, ila si jambo lote.

Alitalikiana na Josephine 1947 na miaka miwili baadaye akamwoa Claudia, aliyekuwa akifanya kazi mkahawani kwake. Ni katika miaka hii alipoanza kujivalisha ule uhusika: ndevu akazibandika rangi ziwe nyeupe kama nywele, suti nyeupe, tai ya kamba. Hata unga ukimwagika, suti nyeupe hauonyeshi. Mjanja.

1952, akiwa na miaka 62, alimpa rafiki yake Pete Harman, mwenye mkahawa karibu na Salt Lake City huko Utah, ruhusa ya kupika kuku wake kwa makubaliano ya senti chache kwa kila kuku. Hiyo ndiyo franchaizi ya kwanza. Na jina Kentucky Fried Chicken halikutoka kwa Sanders; lilitoka kwa mchoraji mabango aliyeajiriwa na Harman.

Halafu barabara ikahama. Serikali ilipanga barabara kuu mpya ambayo isingepita Corbin. Fikiria barabara ya Nakuru hadi Eldoret ichorwe upya na malori yasipite tena Salgaa. Vibanda vyote vitabaki vikitazamana. Sanders aliuza mkahawa kwa mnada 1956, akalipa madeni, na akabaki na akiba yake na pensheni ya serikali ya dola 105 kwa mwezi. Umri, miaka 65.

Hapa ndipo wahubiri wa motisha huanza kutokwa na jasho. Utasikia kwamba alikataliwa mara 1,009 kabla mtu wa kwanza hajakubali. Hiyo ni hadithi ya kusambaziana WhatsApp. Mtu wa kwanza, Harman, alikubali miaka minne kabla Corbin haijauzwa. Pia si kweli kwamba mzee alianza kutoka sufuri. Alikuwa na jina, alikuwa na ladha iliyojaribiwa kwa robo karne ya wateja, na alikuwa na mfano wa Utah uliokuwa ukiuza vizuri. Ukweli wenyewe unatosha bila kuongezewa chumvi: mzee wa miaka 65 na zaidi aliendesha gari mji hadi mji akiwa na sufuria ya presha na mifuko ya viungo, usiku mwingine akilala kwenye kiti cha nyuma. Akifika kwenye mkahawa, aliomba awapikie wafanyakazi. Wakipenda, anakaa siku chache anapikia wateja. Wateja wakipenda, wanapeana mikono. Nyumbani, Claudia alichanganya viungo na kuvituma kwa posta, ili wenye mikahawa wapate ladha bila kupata siri.

Kufikia 1963 kulikuwa na mikahawa zaidi ya 600 ikipika kuku wake. Ofisi ilikuwa nyumbani kwake Shelbyville. Ilimshinda. 1964 akaiuza kampuni kwa dola milioni 2 kwa wakili kijana John Y. Brown na tajiri Jack Massey, akaahidiwa mshahara wa maisha wa dola 40,000 kwa mwaka ili abaki kuwa sura ya biashara. Alijibakizia Kanada. Miaka saba baadaye kampuni ile ile iliuzwa tena, kwa Heublein, watengenezaji wa vileo, kwa zaidi ya dola milioni 200. Piga hesabu mwenyewe.

Lakini nakuambia, pesa sizo zilizomkosesha usingizi. Ni mchuzi. Ule mchuzi mzito wa kumwagia viazi na vijimkate ulikuwa fahari yake, na ulihitaji muda na mkono. Wenye kampuni wapya wakaurahisisha ili kijana yeyote wa zamu aweze kuukoroga. Mzee alikuwa akiingia kwenye matawi bila taarifa, anachovya kijiko, anaonja, na kama haujamridhisha anaanza kutukana pale pale mbele ya wafanyakazi. 1975 aliambia gazeti la Louisville kwamba mchuzi huo ni maji ya bomba yaliyokorogwa na unga, na akaulinganisha na gundi ya kubandikia karatasi za ukutani. Mwenye tawi la mji wa Bowling Green akamshtaki kwa kumharibia jina. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Kentucky, ambayo 1978 iliamua kwamba mzee hakuwa amelitaja tawi hilo. Alishinda.

Kesi nyingine ilikuwa chungu zaidi. Yeye na Claudia walifungua mkahawa wao Shelbyville, wa chakula cha kukaa mezani kama kile cha Corbin, na wakataka kuusambaza. Heublein wakamwekea vizuizi, kwa sababu jina na sura yake alikuwa amewauzia. Soma tena hapo. Mtu alihitaji ruhusa ili atumie uso wake mwenyewe kuuza mapishi yake mwenyewe. Aliwashtaki akidai dola milioni 122, wakamalizana nje ya mahakama kwa milioni 1, na mkahawa ukabaki na jina la Claudia.

Sanders alifariki Desemba 16, 1980, mjini Louisville, akiwa na miaka 90. Alikuwa na saratani ya damu, na nimonia ikammaliza. Jeneza lake liliwekwa kwenye jengo la bunge la jimbo watu wampitie, kisha akazikwa makaburi ya Cave Hill akiwa amevaa suti yake nyeupe na tai yake. Wakati huo kuku wake aliuzwa kwenye matawi yapatayo 6,000, nchi 48.

Na ile siri? Kampuni inasema karatasi imefungiwa Louisville, na kwamba kampuni mbili tofauti huchanganya nusu nusu ili hakuna anayejua yote. 1983 mwandishi William Poundstone alichapisha matokeo ya maabara aliyopelekea unga wa kuku huyo: vikaonekana unga wa ngano, chumvi, pilipili manga na ile chumvi ya kukoleza ladha, MSG. Basi. 2016 gazeti la Chicago Tribune likamtembelea mpwa wa Claudia huko Corbin, naye akafungua kitabu cha kumbukumbu za familia. Nyuma ya wosia wa Claudia kulikuwa na orodha iliyoandikwa kwa mkono: viungo 11 vya kuchanganya na vikombe 2 vya unga. Chumvi, thaimu, mrehani, oregano, chumvi ya seleri, pilipili manga nyeusi, haradali ya unga, paprika vijiko 4, chumvi ya kitunguu saumu vijiko 2, tangawizi ya unga, na pilipili manga nyeupe vijiko 3. Kampuni ilikana kwamba ndiyo yenyewe. Gazeti likaipika, likaona iko karibu sana, na ilipoongezwa MSG kidogo wakaona wamefika.

Ukiangalia orodha hiyo, kinachokosekana kwenye majaribio mengi ya mtaani ni pilipili manga nyeupe. Tunaijaza nyeusi tukidhani ni kitu kimoja, kumbe nyeupe ina ule mwasho wa polepole unaobaki kooni baada ya kumeza. Supamaketi kubwa huwa nayo, na maduka ya viungo ya Wahindi huuza kwa kupima. Tangawizi iwe ya unga, si mbichi. Na kama huna MSG, kumbuka mchuzi wa pakiti ulio jikoni mwako pengine tayari unayo. Soma nyuma ya pakiti, kisha upunguze chumvi.

Kitu kimoja usikiige: usitie mafuta ya kukaangia kwenye sufuria ya presha ya nyumbani. Imeundwa kwa maji. Mafuta yenye moto ule yanaweza kuharibu mpira wa mfuniko na kukulipukia, na vifaa vinavyotumiwa mikahawani vilitengenezwa maalum kwa kazi hiyo. Fanya alivyofanya mzee kabla ya 1939. Loweka kuku kwenye maziwa na yai, mpake unga, muache dakika chache unga ushike, kisha mweke kwenye kikaango kizito chenye mafuta ya kufika nusu ya kipande, moto wa wastani, ufunike kwa dakika za mwanzo na umalizie bila mfuniko ili ngozi ikauke. Nusu saa hivi. Ukiwa na hamira na muda, anza na unga wa mkate kwanza. Utakuwa umeumuka kuku akifika mezani.